Kilele cha 1036 kwenye Raman ya ngozi: ni dawa yangu au ni ngozi yenyewe?

Mfamasia_Mwanafunzi:

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kushika mashine ya Raman kwa ajili ya ngozi maana nimekwama na sitaki kuandika uongo kwenye tasnifu.

Nina krimu yenye niasinamidi asilimia 5, ile vitamini B3 ya kupaka. Nataka kujua inazama kina gani kwenye ngozi ya mtu aliye hai, upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko, bila kumkata wala kumdunga. Mwanzo nilikuwa natumia selotepu, yaani unabandika unabandua, unabandika nyingine palepale, mara 20 hivi, kila kipande unakiloweka kwenye kimiminika kisha unapima dawa iliyotoka. Inafanya kazi lakini pale ulipobandua hapafai tena, ukitaka kujua hali ya dakika 30 na ya saa 2 na ya saa 4 inabidi utafute sehemu nyingine za ngozi na kila sehemu ina unene wake. Ndo msimamizi wangu akanisogeza kwenye Raman ya konfokali, leza ya nanomita 785, mtu anaweka mkono juu ya kidirisha cha kioo, leza inalenga kina unachotaka, mwanga unaorudi unachorwa vilele na kila molekuli ina vilele vyake.

Sasa shida ipo hapa. Kilele kikubwa cha niasinamidi kipo karibu na 1036 (namba ya wimbi, kwa sentimita). Nimepaka krimu, nimesubiri saa 1, nimefuta, nimepima kila maikromita 2 kushuka chini. Juu kabisa kilele kirefu safi, kinapungua vizuri mpaka kwenye 14 hivi, alafu kinagoma. Kwenye 20 kipo. Kwenye 30 kipo. Kidogo lakini kipo. Je nifurahi kwamba dawa imevuka mpaka ngozi hai au kuna kitu sikioni?

La pili, msimamizi anataka kwa mashine hiyohiyo nipime antioksidanti (vitu vinavyokinga seli zisiharibiwe na oksijeni kali) kabla na baada ya wiki 4 za kupaka tuone kama krimu inazipandisha. Hivi inawezekana? Nimesoma sana lakini kila anayeandika anaandika kama vile msomaji tayari anajua.

Fundi_Leza:

Mkuu swali moja kabla ya yote, ulipima ngozi tupu ya mtu huyohuyo, palepale, kabla hujampaka? Kama hukupima basi majibu yako ya chini ya maikromita 14 hayana mwenyewe, na nitakueleza kwa nini.

Ngozi imejaa protini, na protini ya ngozi ina fenilalanini. Fenilalanini ina kilele maarufu sana pale 1004, chembamba kimesimama kama mlingoti, kila mtu anayefanya ngozi anakijua. Ila kina mdogo wake ambaye watu wanamsahau, yupo 1032. Sasa wewe unatafuta 1036. Tuhesabu kwa nanomita uone ninachosema: leza yako inaingia 785, mwanga wa niasinamidi unarudi kwenye 854.5 na mwanga wa yule mdogo wa fenilalanini unarudi kwenye 854.2. Tofauti ni sehemu 3 za kumi za nanomita moja. Vilele vyenyewe vina upana, kwa hiyo haviji viwili, vinaungana vinakuwa nundu moja na wewe ukiiangalia unaona kilele kimoja. Juu kabisa dawa ni nyingi inamfunika fenilalanini, huko chini dawa imekwisha anabaki yeye peke yake na hapungui maana protini ipo kila mahali. Ndo hicho kinachogoma.

Dalili ya haraka ya kujua: angalia kilele kinasogea au hakisogei. Kama juu kipo 1036 na chini kimehamia kidogo kuelekea 1032 basi jibu unalo.

Dawa yake ni kwamba usipime urefu wa kilele kwa jicho au kwa rula. Chukua spektra (ule mchoro wa vilele) ya kila kitu kivyake: keratini (protini kuu ya tabaka la juu la ngozi), maji, mafuta ya ngozi, krimu yako bila dawa, na niasinamidi ikiwa imeyeyushwa kwenye maji (usitumie unga mkavu, iliyoyeyuka na iliyo ngumu vilele havikai palepale kabisa). Kisha iambie programu itafute mchanganyiko wa hizo unaolingana na kile ulichopima kwenye kila kina. Hapo niasinamidi inapata fungu lake na protini inapata lake. Krimu bila dawa usiiache nje hata kidogo, vibebeo kama propileni glaikoli navyo vina vilele vyao na vinazama pamoja na dawa, nimeshaona mtu anasherehekea dawa kumbe ni kibebeo.

Lingine ni kina. Hiyo 30 unayoisema siyo 30. Mwanga ukitoka hewani kuingia kwenye ngozi unapinda, ngozi ina kipeo cha mpindo kati ya 1.4 na 1.5, kwa hiyo lenzi kavu ikisema imeshuka 10 kumbe uko chini zaidi ya 10. Lenzi ya mafuta inapunguza hilo tatizo kwa kiasi kikubwa. Alafu doa la leza lenyewe kwa kwenda chini lina urefu, kwenye mashine nyingi ni maikromita 5 hivi, sasa ukipima kila 2 unapata mchoro laini wa kupendeza lakini nukta jirani zinaonana, usizihesabu kama vipimo huru kwenye takwimu zako. Tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokufa, hapo kwenye mkono lina maikromita 15 mpaka 20 tu. Kwa doa la 5 hiyo ni nafasi 3 au 4 za kweli.

Na kabla hujalinganisha kina na kina, gawanya kila kitu kwa kilele cha protini cha spektra hiyohiyo, kile cha 1004 kinatosha au ule mlima wa 1650. Mwanga unapungua kadiri unavyoshuka kwa sababu ngozi inautawanya, kwa hiyo kilele kikipungua hujui ni dawa imepungua au ni mwanga umepotea njiani. Ukigawanya kwa protini huo upotevu unakatika juu na chini. Unachobaki nacho ni kiasi cha dawa kwa kila kiasi cha keratini, siyo zaidi ya hapo, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kuandika.

Selotepu_Bado:

Naongeza tu kwamba usiitupe selotepu. Raman inakupa uwiano, selotepu inakupa uzito kabisa, mikrogramu ngapi zimetoka kwenye eneo fulani la ngozi. Vitu viwili tofauti. Ukifanya zote kwa watu walewale, mkono mmoja Raman mkono wa pili selotepu, unaweza kuonyesha kama aliyenyonya dawa nyingi kwa njia hii ndiye aliyenyonya nyingi kwa njia ile. Wakaguzi wa tasnifu wanapenda hicho kuliko michoro 40 ya rangi.

Halafu mimi sikubaliani kwamba Raman inafaa kwa dawa yoyote. Wewe una bahati, asilimia 5 ni nyingi sana. Mtu mwenye krimu ya steroidi ya asilimia 1 au chini ya hapo akija na mpango huohuo nitamwambia arudi kwenye selotepu na kromatografia (njia ya maabara ya kutenganisha kemikali na kuzipima), kilele chake kitazama kwenye kelele. Raman ni mwanga hafifu mno, kati ya fotoni milioni 10 zinazotawanyika labda 1 ndo inarudi imebadilika rangi.

Fundi_Leza:

Selotepu_Bado hapo nakubaliana na wewe asilimia zote. Isipokuwa dawa iwe na kitu cha pekee, mfano ile fundo la kaboni na naitrojeni lenye mikono mitatu, linatoa kilele karibu na 2230 ambako ngozi imenyamaza kabisa. Kati ya 1800 na 2800 ngozi haina la kusema. Ukiwa na molekuli inayoita huko unaisikia hata ikiwa kidogo. Wengine wanabadilisha haidrojeni za dawa wanaweka haidrojeni nzito makusudi ili kilele kihamie huko kwenye ukimya, kinakuja kati ya 2100 na 2200.

Mfamasia_Mwanafunzi:

Asante sana wakuu. Kusema ukweli ngozi tupu sikupima, nilipima ya mtu mmoja tu nikaitumia kwa wote. Narudi maabara. Kingine, nitajuaje tabaka lililokufa limeishia wapi kwa kila mtu? Nilikuwa nimeweka 15 kwa wote.

Fundi_Leza:

Tumia maji. Juu ngozi ni kavu, unavyoshuka maji yanapanda, ukifika kwenye ngozi hai yanafika kama asilimia 70 na mchoro unalala. Pale unapolala ndo mpaka. Unagawanya mlima wa maji (3350 mpaka 3550) kwa wa protini (2910 mpaka 2965).

Ila kwa leza ya 785 hutaona huo mlima wa maji vizuri, maji ya 3400 yanarudi kwenye nanomita 1071 na huko detekta ya silikoni inakuwa kipofu. Ndo maana mashine nyingi za ngozi zina leza ya pili nyekundu, 671, kwa hiyo maji yanarudi kwenye 869 na detekta inayaona. Angalia kama mashine yenu inayo, mara nyingi ipo na watu hawaiwashi. Kila mtu apate mpaka wake, hiyo 15 ya wote ifute.

Na miwani. Ile 785 jicho haliioni vizuri kwa hiyo hupepesi, na usipopepesa retina ndo inalipa. Kila aliyemo chumbani avae, si wewe tu.

Dkt_Ngozi:

Mdogo wangu nimefurahi kuona swali hili, acha nijibu upande wa antioksidanti maana hapo ndipo nimeona watu wengi wakipotezwa.

Kwanza jina. Hakuna mwanga unaopima "antioksidanti" zote. Kinachopimwa ni karotenoidi, zile rangi za njano na nyekundu, beta-karotini, likopeni, luteini na ndugu zao, ambazo mwili hauzitengenezi unazipata kwenye mboga na matunda zikaja kukaa kwenye mafuta ya ngozi. Kwa nini hizo? Kwa sababu zinanyonya mwanga wa bluu. Ukipiga leza ya 488 mwanga unalingana na ile rangi yao na mwitikio wa Raman unapanda mara maelfu kwa maelfu, kwa hiyo hata zikiwa kidogo zinaonekana. Zina vilele vitatu, 1005, 1156 na 1525, na hicho cha mwisho ndicho kinachosomwa. Vitamini C ipo kwenye ngozi kwa wingi kuliko karotenoidi na kwa njia hii haionekani kabisa. Vimeng'enya vya ulinzi navyo havionekani. Kwa hiyo mgonjwa akija na karatasi ya kipimo imeandikwa "kiwango cha antioksidanti mwilini" mimi namuuliza tu, karotenoidi zako ni ngapi? Maana hicho ndicho alichopimwa.

Hapo ndo jibu la msimamizi wako linapokuja. Leza yako ya 785 hailingani na rangi ya karotenoidi, ule msaada wa mwitikio hauupati. Kitu unaweza kukiona, kwa muda mrefu wa kupima na kwa mtu mwenye nyingi, lakini si kwa kujenga hoja ya wiki 4. Mnahitaji leza ya bluu au ya kijani. Na ukiwa na zote mbili, 488 na 514, unaweza kuanza kutenganisha likopeni na beta-karotini kwa sababu kwenye kijani likopeni bado inanyonya vizuri na beta-karotini imeshachoka.

Halafu jiulize, niasinamidi ipandishe karotenoidi kwa njia gani? Karotenoidi zinatoka kwenye chakula. Mshiriki wako akibadilisha mlo katikati ya hizo wiki 4 atakuharibia kila kitu, atakula mboga zaidi kwa sababu amejiunga na utafiti wa afya na wewe utasema ni krimu. Jua nalo linazila. Sigara inazila. Msongo na kukosa usingizi navyo. Zinashuka haraka, siku moja mbili unaona, kupanda zinachukua wiki. Kwa hiyo lazima uwe na kundi linalopaka krimu isiyo na dawa, na uandike mlo na jua la kila mshiriki, tena muda huohuo wa siku.

Sehemu ya kupimia ni kiganja, siyo mkono unapopimia dawa. Kiganja kina tabaka la juu nene sana, mwanga wa bluu unaishia humohumo haufiki kwenye damu, na rangi ya ngozi hapo haitofautiani sana mtu na mtu.

Nikitoka kidogo kwenye mada, kiganja kina kisa kingine kinachonigusa kwa kuwa nimewahudumia wagonjwa hao. Wanaotibiwa saratani kwa doksorubisini wengine viganja na nyayo zinawaka, zinabanduka, mtu anashindwa hata kushika kikombe. Doksorubisini ina sifa ya kung'aa yenyewe, ukiipiga mwanga wa bluu inarudisha rangi ya chungwa. Watafiti wa Charité kule Berlin waliangalia ngozi za wagonjwa kwa darubini ya leza baada ya dripu na wakaiona dawa inatoka na jasho, inatandaa juu ya ngozi alafu inarudi ndani kama vile imepakwa kwa nje. Na kwenye viganja na nyayo tezi za jasho ni nyingi mno na tabaka la juu ni nene linahifadhi. Mtu anapewa dawa kwenye mshipa na inamuunguza kutokea nje! Bila mwanga hilo lingebaki kubishaniwa tu.

Rangi_Zote:

Hapo kwa rangi ya ngozi naomba mnisikilize maana limegusiwa likapitwa na ndilo linaloamua kipimo kinafaa kwa nani.

Melanini, ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, inanyonya mwanga, na inanyonya zaidi upande wa bluu kuliko nyekundu. Kipimo cha karotenoidi kipo kwenye bluu. Kwa hiyo kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, ukipima mahali pengine pasipo kiganja, mwanga unaofika kwenye karotenoidi ni mchache na unaorudi unanyonywa tena njiani, mashine inasema huyu ana karotenoidi chache wakati shida ni mwanga haukufika. Kwenye vile vifaa vya kuakisi mwanga mweupe vinavyobana kidole ili damu isogee, nako hesabu ya kuondoa melanini inategemea aliyeiandika aliijaribu kwa ngozi za nani.

Kwa 785 shida inageuka. Haipotei, inageuka: melanini inang'aa yenyewe, inainua mstari wa chini wa mchoro wote na kile kilele chako kidogo kinakaa juu ya mlima unaotetemeka. Nimekaa na mshiriki mwenye ngozi nyeusi sana tukapiga mara 6 na programu inaandika "spektra haifai" na inaitupa yenyewe. Yule dada akaniuliza, sasa mimi nahesabika au? Hakuhesabika. Walioachwa nje kwa namna hiyo kwenye utafiti ule walikuwa karibu wote wenye rangi kama yake, na kwenye ripoti iliandikwa tu kwamba spektra mbovu ziliondolewa. Mimi sikukubali na bado sikubali.

Tunajua madhara yake kwa sababu ya kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, nacho ni spektroskopia ya mwanga kwenye ngozi, nyekundu 660 na infraredi 940. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa uchambuzi wa wagonjwa wa Marekani, kati ya waliosomwa na kifaa kwamba oksijeni yao ni 92 mpaka 96, waliopimwa damu ikaonekana kumbe wako chini ya 88 walikuwa asilimia 11.7 kwa weusi na 3.6 kwa weupe. Kifaa kilikuwa kimetumika miongo mingi.

Cha kufanya kwako: shusha nguvu ya leza ongeza muda, iache leza ipige palepale sekunde kadhaa kabla ya kurekodi maana ule mng'ao unachoka, pima rangi ya ngozi ya kila mshiriki kwa kifaa uiweke kwenye data, na hesabu spektra zilizotupwa kwa kila kundi la rangi uziandike waziwazi.

Mfamasia_Mwanafunzi:

Rangi_Zote hilo la kuhesabu zilizotupwa nimelichukua, nimeangalia leo, kati ya spektra zilizotupwa na programu zaidi ya nusu ni za washiriki wawili tu na wote ni weusi kuliko wengine. Nawaita tena.

Nimerudi pia na majibu ya ngozi tupu. Nilijipima mwenyewe kwanza, mkono umeoshwa, haujapakwa chochote siku mbili. Kinundu kipo, 1032, kimekaa pembeni ya mlingoti wa 1004 kama Fundi alivyosema, na urefu wake kwenye kina cha 30 ni uleule niliokuwa nauita dawa. Nikarudi kwenye data za zamani nikaangalia kama kilele kinasogea: kwenye maikromita 4 kipo 1036, kwenye 12 kipo 1035, kwenye 20 kipo 1032. Kwa hiyo dawa yangu haikufika huko.

Mashine inayo leza ya 671, haikuwahi kuwashwa na mtu yeyote tangu ifungwe. Mpaka wa maji kwangu mimi umekuja kwenye 18, kwa mwenzangu wa maabara 14.

Antioksidanti nimemwambia msimamizi tuziache, hatuna leza ya bluu. Amekubali ila anataka kujua kama tunaweza kuomba ya kuazima.

Fundi_Leza:

Safi sana. Sasa kabla ya kulinganisha watu, usichore kwa maikromita, chora kwa sehemu ya unene wa tabaka la kila mmoja, 0 juu na 1 kwenye mpaka wa maji. Wewe wa 18 na mwenzako wa 14 mtakaa kwenye mstari mmoja. Ukimaliza weka mchoro wa washiriki wale wawili hapa tuuone, hasa mstari wa chini kabla hujaukata.

Dkt_Ngozi:

Na mwambie msimamizi leza ya kuazima ije na fundi wake, na mshiriki asipimwe kwa bluu mahali palepale ulipompima mara nyingi mfululizo siku hiyo, mwanga wenyewe unazichoma karotenoidi pale unapopiga.

Mfamasia_Mwanafunzi:

Sawa dokta. Wale wawili wanakuja Alhamisi, nitapima na kiganja chao pia nione mlima unashuka kiasi gani.